Swali moja halibebi mambo matatu: kuuliza watu kuhusu ngono katika uchunguzi wa afya Lubumbashi

SWALI. Mimi ni muuguzi, na sasa nasomea afya ya jamii hapa Lubumbashi. Mimi na wenzangu tunaandaa uchunguzi wa kaya 1,500 katika komini za Katuba na Kenya kuhusu VVU na magonjwa ya zinaa, mtu mmoja kwa kila kaya, miaka 18 hadi 49. Tumeweka maswali ya idadi ya wapenzi na matumizi ya kondomu, kisha swali moja la mwisho: "Wewe ni mtu wa kawaida, shoga, msagaji, au unapenda jinsia zote mbili?" Tulipolijaribu, karibu wote walijibu "kawaida", wachache wakauliza maana yake, na baba mmoja akatutoa kwenye parsele, yaani kiwanja chake. Mwalimu wangu anasema tuliondoe. Mwenzangu anasema tukiliondoa tutakuwa tumewafuta watu wanaohitaji huduma kuliko wengine. Nani yuko sahihi? Na yale majibu ya idadi ya wapenzi, tuyaamini?

JIBU. Mdogo wangu, nimefurahi umeuliza kabla ya kuwatuma watu uwanjani. Dodoso baya likishajazwa, hakuna hesabu ya kuliponya. Kwa ufupi: swali lile lifute, lakini jambo lenyewe libaki. Mwalimu wako ameona vizuri kwamba swali halifanyi kazi. Mwenzako naye ameona vizuri kwamba watu wakikosekana kwenye takwimu watakosekana pia kwenye mipango ya dawa na kondomu. Mnaweza kukubaliana wote mkirudi kwenye jambo ambalo dodoso lenu halikulisema: mnataka kujua nini, na mkishajua mtafanyia nini?

Wanaopima mwelekeo wa kijinsia huupima kwa mambo matatu. Kuna matendo, yaani mtu amefanya ngono na nani. Kuna mvuto, yaani anatamani nani. Na kuna utambulisho, yaani yeye mwenyewe anajiita nani. Mara nyingi matatu haya hayaendi pamoja. Mchimbaji mwenye mke na watoto Katuba anaweza kuwa analala na mwanaume mwenzake akiwa machimboni, na asijione hata siku moja kuwa mmoja wa watu mliowaorodhesha. Binti wa chuo anaweza kujua tangu zamani kwamba anavutwa na wasichana, na bado hajamgusa mtu yeyote. Swali lenu lingewaweka wote wawili kwenye "kawaida". Kwa yule wa kwanza mngepoteza habari ya VVU, kwa yule wa pili habari ya upweke wake na ya afya yake ya akili.

Uchunguzi ulioonyesha hili waziwazi ulifanyika Marekani mwaka 1992, ukiongozwa na Edward Laumann na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago. Walihoji watu 3,432 wa miaka 18 hadi 59 waliochaguliwa kwa bahati nasibu nchi nzima, wakauliza mambo yote matatu, kila moja peke yake. Waliojitambulisha kuwa wanapenda jinsia yao au jinsia zote mbili walikuwa asilimia 2.8 ya wanaume na 1.4 ya wanawake. Lakini ukimhesabu kila aliyejibu ndiyo kwenye angalau kipimo kimoja kati ya vitatu, unapata asilimia 10.1 ya wanaume na 8.6 ya wanawake. Watu ni walewale na uchunguzi ni uleule. Kilichobadilika ni swali.

Kwa sababu hiyohiyo usiinukuu kwenye utangulizi wako ile "asilimia 10" inayozunguka kwenye mitandao. Inatokana na Alfred Kinsey, aliyechapisha kazi yake kuhusu wanaume mwaka 1948. Kinsey alifanya jambo kubwa: alionyesha kwamba watu hawagawanyiki katika mafungu mawili tu, akawapanga kwa ngazi ya 0 hadi 6. Lakini watu wake hawakuchaguliwa kwa bahati nasibu. Walikuwa waliojitolea, na wafungwa walikuwemo wengi kuliko walivyo katika jamii. Na asilimia yake 10 ilihusu wanaume ambao kwa angalau miaka 3 ya maisha yao walifanya ngono na wanaume tu, au karibu wanaume tu. Kuichukua namba hiyo, ukaizidisha kwa wakazi wa Lubumbashi na kuiita makadirio, ni kosa ambalo nimeliona kwenye mapendekezo ya miradi zaidi ya mara moja.

Sasa turudi kwenye uchunguzi wenu. Virusi havimwulizi mtu anajiita nani. Kwa VVU na magonjwa ya zinaa mnachohitaji ni matendo: na nani, wangapi, kwa kinga au bila kinga. Kama mngekuwa mnachunguza msongo wa mawazo, kupigwa na ndugu, kufukuzwa nyumbani au kutukanwa kwenye kituo cha afya, hapo utambulisho ungekuwa na uzito wake, kwa kuwa mtu huumizwa kwa vile anavyojulikana. Kwa hiyo badala ya swali la majina, wekeni mawili ya matendo, mara tu baada ya swali la idadi: "Katika miezi 12 iliyopita, umefanya ngono na wanawake wangapi?" na "Katika miezi 12 iliyopita, umefanya ngono na wanaume wangapi?" Kila mtu aulizwe yote mawili, mwanaume kwa mwanamke, kwa sauti ileile. Mhoji asitangulize "samahani", asicheke, wala asiruke la pili kwa sababu mama aliye mbele yake amevaa kitambaa cha kanisa. Mkimwuliza kila mtu, hakuna anayejiona ameshukiwa. Yule baba aliyewatoa kwenye parsele alikasirika kwa sababu swali lilimtaka ajitetee.

Jibu la "sitaki kujibu" liwe na kisanduku chake, mbali na "hapana" na mbali na sifuri. Dodoso nyingi huyachanganya, halafu ukimya wa watu unahesabiwa kuwa kukanusha. Katika sensa ya mwaka 2021 ya Uingereza na Wales, swali la mwelekeo wa kijinsia liliulizwa kwa mara ya kwanza, kwa hiari, kwa watu wa miaka 16 na zaidi. Asilimia 3.2 walijitambulisha kuwa wanapenda jinsia yao, jinsia zote mbili au namna nyingine. Asilimia 7.5 hawakujibu. Waliopita swali kimya walikuwa zaidi ya mara mbili ya waliojitaja, tena katika nchi ambako sheria inawalinda.

Kuna jambo jingine msiloweza kuliacha hapa kwetu. Mtu aliyelazimishwa hajafanya tendo la mwelekeo wowote. Lubumbashi wapo pia watu waliokimbia kutoka mashariki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 katika jarida la tiba la JAMA uliwahoji watu wazima 998 katika maeneo ya Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Ituri: asilimia 39.7 ya wanawake na 23.6 ya wanaume walisema wamewahi kufanyiwa ukatili wa kingono. Mwanaume aliyebakwa na mwenye silaha, ukimwuliza tu kama amewahi kulala na mwanaume, unamtonesha kidonda, kisha unamwandika mahali pasipo pake. Mwambieni kila mhojiwa mapema kwamba maswali ya wenzi yanahusu ngono aliyoikubali. Ya kulazimishwa yaulizwe peke yake, na mhoji aliyefunzwa, tena pale tu ambapo mna mahali halisi pa kumpeleka mtu siku hiyohiyo: kituo chenye dawa za kuzuia maambukizi ndani ya saa 72 na mtu wa kumsikiliza. Kama hamna, acheni sehemu hiyo. Sioni haki ya kumfungua mtu jeraha kisha ukaondoka na karatasi.

Swali lako la pili ndilo gumu zaidi, na nashukuru umeliuliza. Je, idadi ya wapenzi iaminiwe?

Anza na hesabu ambayo kila mtu anaweza kuifanya. Kila mara mwanaume na mwanamke wanapolala pamoja kwa mara ya kwanza, upande wa wanaume unaongezeka mwenzi mmoja na upande wa wanawake mmoja. Katika jamii yenye wanaume na wanawake sawa kwa idadi, wastani wa pande mbili lazima ukaribiane. Lakini karibu kila mahali walipouliza, wanaume wametaja wengi kuliko wanawake. Uingereza wana uchunguzi mkubwa wa tabia za kingono unaorudiwa kila baada ya miaka kumi hivi. Ulipokuwa unaandaliwa mwaka 1989 serikali ya Margaret Thatcher ilikataa kuugharimia, taasisi ya Wellcome ikalipa, na watu 18,876 wakahojiwa. Katika awamu ya tatu, ya 2010 hadi 2012, wanaume walitaja kwa wastani wenzi 14.14 katika maisha yao, wanawake 7.12. Tofauti ni 7.02.

Watafiti hawakuishia kusema "wanaume wanajisifu, wanawake wanaficha". Waliipekua tofauti hiyo. Kwanza waliweka kikomo kwa wale wachache mno waliotaja mamia ya wenzi, tofauti ikashuka hadi 5.47. Kisha wakaangalia namna watu walivyopata namba: wanawake wengi zaidi walihesabu mmoja mmoja, wanaume wengi zaidi walikadiria. Walipozingatia hilo, ikashuka hadi 3.24. Walipozingatia pia mtazamo wa mtu kuhusu mambo ya ngono, ikafika 2.63. Theluthi mbili hivi za tofauti zilieleweka, na kipande kikubwa kilitokana na kumbukumbu na namna ya kuhesabu. Kwenu, funzo lake ni kuacha swali la maisha yote au kuliweka kama nyongeza tu, na kutegemea miezi 12 iliyopita. Tena msiishie kwenye namba. Fuateni njia ya Enquête Démographique et de Santé, uchunguzi wa kitaifa wa watu na afya uliofanyika hapa Kongo mwaka 2007 na tena 2013 hadi 2014: mhojiwa anaulizwa juu ya mwenzi wa mwisho, kisha aliyemtangulia, kisha wa tatu, na kwa kila mmoja uhusiano wao ulikuwa upi na kama kondomu ilitumika mara ya mwisho. Mtu anayekumbuka watu hukosea kidogo kuliko anayekumbuka namba.

Na neno "wapenzi" liondoeni kabisa. Niliwahi kukaa pembeni wakati wa majaribio ya dodoso, dereva mmoja wa malori ya Kasumbalesa akihojiwa. Aliulizwa ana wapenzi wangapi, akajibu: mmoja. Mhoji akaandika 1 na kutaka kuendelea. Tukamwomba aulize kwa njia nyingine: mara ya mwisho ulilala na nani, na kabla ya huyo? Mke wake hakuwa amemhesabu, kwa sababu mke ni mke. Yule "mmoja" alikuwa mwanamke aliyempangia chumba kule mpakani, deziemu biro wake, yaani mke wa pembeni. Wale anaowalipa anaposubiri foleni ya forodha hakuwahesabu kabisa. Hao, alisema, si wapenzi. Mtu huyo hakudanganya. Alijibu swali aliloulizwa, na kama tungeliacha hivyo, angeingia kwenye jedwali kama mtu mwenye mwenzi mmoja, wa kuaminika, asiye na hatari. Semeni wazi: "umefanya ngono na watu wangapi, ukimhesabu mke au mume wako, mtu unayekaa naye tu, mtu uliyemlipa au aliyekulipa, na mtu mliyekutana mara moja tu". Semeni pia mnachokiita ngono, kwa maneno ya mwili, bila kuzunguka, kwa kuwa vijana wengi hawaihesabu ile ya njia ya nyuma, na ndiyo yenye hatari kubwa zaidi kwa VVU ikiwa haina kinga.

Upungufu mwingine hauponywi na swali lolote. Uchunguzi wa kaya huwakuta walio nyumbani. Madereva wako njiani, krezeri, wale wachimbaji wa mkono, wako Kolwezi au Kambove, na wanawake wanaofanya biashara ya ngono wengi wanalala kwenye vyumba vya wageni ambavyo havimo katika orodha ya kaya. Sensa ya mwisho ya nchi hii ilifanyika mwaka 1984, kwa hiyo orodha ya kaya mtaitengeneza wenyewe, avenyu kwa avenyu. Wanawake wachache wenye wanaume wengi wakikosekana, wastani wa wanawake unashuka hata kama kila aliyehojiwa amesema kweli. Andikeni hilo kwenye ripoti.

Inabaki njia ya kuuliza: mdomo wa mhoji au tableti? Ushahidi unaotajwa sana ni wa Charles Turner na wenzake, uliochapishwa mwaka 1998. Vijana wa kiume wa Marekani wa miaka 15 hadi 19 waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walijaza karatasi, wengine walisikiliza maswali kwenye vifaa vya masikioni na kubonyeza jibu kwenye kompyuta. Waliosema wamewahi kufanya ngono na mwanaume walikuwa asilimia 1.5 kwenye karatasi na 5.5 kwenye kompyuta. Tofauti ni zaidi ya mara tatu, nayo imewafanya wengi waamini kwamba mashine huleta ukweli.

Mimi naiamini kwa kiasi. Huko Malawi vijijini, njia hiyohiyo ilipojaribiwa kwa wasichana wasioolewa, waliokiri kwamba wamewahi kufanya ngono, au wamefanya na rafiki wa kiume, walikuwa wengi zaidi walipoongea na mhoji uso kwa uso. Kompyuta ilishinda kwenye mambo mengine: wenzi wasio rafiki wa kiume, na kuwa na wenzi wengi. Zimbabwe walikwenda mbali zaidi. Wanawake walipimwa ukeni alama ya shahawa, ambayo huonekana kwa siku mbili hivi. Kati ya wenye alama hiyo, asilimia 48 walikuwa wamesema kwamba katika siku hizo hawakufanya ngono, au walifanya kwa kondomu tu. Kuuliza kwa kompyuta hakukubadilisha lolote. Hivyo hata kwa jambo la juzi, na hata kwa mashine, mtu anaweza kusita. Nawasihi msiwaite waongo. Mwanamke anayesema "tulitumia kondomu" mbele ya nesi aliyemfundisha kondomu anajua jibu linalotarajiwa, na ana sababu zake za kulitoa.

Katuba na Kenya kinachowaumiza zaidi ni parsele yenyewe. Mnazijua: lango moja, nyumba ya mwenye kiwanja mbele, vyumba vya wapangaji nyuma, bomba moja, kamba moja ya kuanikia nguo. Mhoji akiweka viti viwili chini ya mwembe, ndani ya dakika tano watoto wamezunguka, mama mkwe ameleta beseni la mihogo na kuanza kumenya karibu, na mpangaji wa pili amezima redio ili asikie. Hapo swali la "umefanya ngono na wanaume wangapi" lina jibu moja tu linalowezekana. Wekeni sheria kama ya sehemu ya ukatili katika Enquête Démographique et de Santé: mtu mmoja tu kwa kaya, na faragha isipopatikana, sehemu hiyo haiulizwi, mhoji anaandika sababu. Pangeni chumba kwenye kituo cha afya cha jirani au darasa la shule baada ya masomo, mhojiwa aje kwa muda wake. Kama mna tableti, maswali ya wenzi yasomwe kwa sauti iliyorekodiwa katika Kiswahili cha hapa Lubumbashi, na kwa Kibemba kwa wanaotaka, majibu yawe vitufe vya rangi, na kuwe na maswali ya mazoezi yasiyo na uzito kwanza. Mwonyesheni mtu kwamba sauti yake hairekodiwi. Wengi wanahofia hilo na hawasemi.

Sasa niseme kwa nini, hata mkiuliza vizuri, msitegemee uchunguzi huu uwape picha ya wanaume wanaofanya ngono na wanaume. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Tuseme watu wenu 1,500 wote ni wanaume, na kati yao wapo 15 wa kweli. Tuseme pia asilimia 2 ya waliobaki 1,485 wanabonyeza kitufe kibaya au hawakuelewa swali: hao ni 30 hivi. Jedwali litaonyesha watu 45, na theluthi mbili yao si wenyewe. Mkisema kondomu zinatumika hivi na vipimo viko hivi "kwa kundi hilo", mtakuwa mnaeleza zaidi watu waliokosea kubonyeza. Na baadhi ya wale 15 watakuwa wamejificha. Kundi likiwa dogo, kosa dogo la walio wengi linalimeza. Taasisi ya takwimu za afya ya Marekani ililikabili hili kabla ya kuingiza swali lake la mwelekeo wa kijinsia mwaka 2013. Walipowakalisha watu na kuwauliza walivyoelewa, waliochanganyikiwa zaidi walikuwa walio wengi, wanaume wanaopenda wanawake na wanawake wanaopenda wanaume, kwa sababu hawajawahi kuhitaji jina la kujiitia. Wale wenu waliouliza "maana yake nini" nadhani ni hao hao. Basi fanyeni nanyi hivyo: watu wachache wa rika na elimu tofauti, mmoja mmoja, mwulize swali, kisha mwambie akueleze kwa maneno yake ameulizwa nini.

Mkitaka kweli kuhudumia kundi hilo, na hapa mwenzako ndipo anapogusa pa maana, fanyeni utafiti wa pili wa aina nyingine. Njia inayotumika sana iliandikwa na Douglas Heckathorn mwaka 1997. Mnaanza na watu wachache wanaoaminika ndani ya kundi, kila mmoja anapewa kuponi kama tatu za kuwapa wenzake, hao nao wanapewa zao, na mnyororo unakwenda mbali na wale wa kwanza. Mtu anaulizwa pia anawajua wenzake wangapi mjini, maana mwenye marafiki wengi hufikiwa kirahisi, na hesabu inampunguzia uzito. Mhojiwa anakuja mwenyewe, kwa kuponi, bila jina, mahali palipochaguliwa na kundi lenyewe. Haiwezekani bila wao kushiriki kupanga tangu mwanzo, na nadhani hilo ni jema.

Kuhusu sheria, nitasema kwa kifupi. Sheria ya jinai ya Kongo haitaji ngono ya jinsia moja kuwa kosa, lakini kifungu cha 176 kuhusu kuvunja maadili mbele ya watu kimetumika dhidi ya watu hao. Wanaoishi na VVU wanalindwa na sheria namba 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008. Kati ya hizo mbili, mpangaji wa Katuba halindwi na maneno ya kwenye fomu ya ridhaa. Analindwa na kile ambacho hamkukiandika. Msichukue jina, namba ya simu wala alama ya mahali ilipo nyumba pamoja na majibu haya. Orodha ya kaya ikae kwenye faili jingine, chini ya mtu mwingine, na ifutwe kazi ikiisha. Tableti ziwe na nywila na zimwage data kila jioni, ili kifaa kikipotea kwenye basi kisiwe na mtu ndani yake. Kwenye ripoti msitoe jedwali la mtaa mmoja lenye wanaume wawili, watu watawatafuta. Na andikeni "wanaume waliosema walifanya ngono na mwanaume katika miezi 12 iliyopita", maneno yote hayo, wala msiyafupishe kuwa jina ambalo wenyewe hawakujiita.

Mwisho, wahoji. Chagueni wasioishi kwenye mtaa wanaouhoji, na wapeni siku nzima ya kusoma maswali haya kwa sauti, wao kwa wao, mpaka sauti isiyumbe. Kazi ikianza, kila jioni panga majibu kwa kila mhoji. Ukiona mmoja wao hana hata mtu mmoja aliyekataa kujibu wala aliyetaja zaidi ya mwenzi mmoja, wakati wenzake kwenye avenyu za jirani wanao, usimgombeze. Nenda naye kesho yake, ukae mbali kidogo, umsikilize anavyolisoma swali la wanaume: kama anaharakisha, kama anashusha macho, kama anamjibia mtu. Apewe mazoezi tena kabla ya kurudi, na baadhi ya kaya alizopita zirudiwe na mhoji mwingine, mjue tofauti ni ya mtaa au ni yake.